Picha ya Maktaba

Gazeti lilimkamata Mama Wote siku ya Jumatatu, wakati yeye anaanika mablanketi ya watoto uani. Hakujua kwamba amekamatwa. Alijua tu kwamba mikeka ilikuwa imetandikwa, vikombe vimepangwa kwa rangi zake, na hakuna mtoto hata mmoja aliyeletwa.

Kazi yake ilikuwa kulea watoto wa wenzake. Akina mama waliokwenda kazini alfajiri walimwachia watoto wao, wakawachukua jioni. Alianza na mtoto wa jirani, kisha wa jirani wa jirani, mpaka vyumba viwili vya mbele vikawa vya watoto, na yeye, mumewe na binti yao wakahamia vya nyuma. Mshahara wa mumewe, aliyekuwa msoma mita za maji, ulilipa kodi ya nyumba. Vingine vyote vilitoka kwenye mikeka ile.

Wa kwanza kufika alikuwa muuguzi, ambaye mwanawe alilelewa hapo tangu hajaota jino. Alikuja naye, lakini hakumwachia mkono.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona leo umechelewa? Mwingize ndani, wewe wahi kazini."

"Hapana, mama. Nimefuata blanketi lake tu. Na kikombe."

"Kuna nini?"

"Shangazi yake amekuja. Atakaa naye nyumbani."

"Anakaa sana, huyo shangazi?"

Muuguzi alifikiri. "Ni shangazi wa kukaa," alisema.

Mtoto alitaka kukimbilia ndani kama kawaida yake. Mama yake alimvuta kwa nguvu hata kiatu kikamtoka mguuni. Mama Wote aliinama kukiokota amvalishe, lakini muuguzi alimwahi, akakitia mkobani. Wakaondoka, mtoto mguu mmoja wazi, akigeuka nyuma kila hatua.

Wengine walifuata, mmoja mmoja, kila mmoja na habari ileile. Kabla jua halijawa kali, mashangazi sita walikuwa wamewasili mjini, wote kwa siku moja, na hakuna aliyeonekana na begi.

Aliyeleta maelezo alikuwa binti yake. Alirudi mbio kutoka duka la kutengeneza simu alikofanya kazi, akiwa bado na bisibisi mkononi. Nyuma yake aliingia mshonaji wa nyumba ya mkabala, ambaye hakuitwa na mtu.

"Mama, kaa chini kwanza."

"Nikikaa ndiyo watoto watakuja?"

Binti alimpa simu. Kichwa cha habari kilikuwa kikubwa: mlezi mbaroni kwa kuwanywesha watoto dawa ya usingizi. Chini yake alikuwa Mama Wote mwenyewe, anatabasamu, kijiko mkononi, na mbele ya kijiko mtoto aliyefungua kinywa.

Aliikumbuka picha ile. Gazeti hilohilo lilikuwa limemtembelea mwaka uliopita na kumwandika kwa sifa nyingi, mama anayewapunguzia mzigo wanawake wa mtaa wake. Siku ile alivaa kitenge kipya kwa ajili ya kamera. Sasa aliisoma habari mpya yote mpaka mwisho, polepole, kama mtu anayesoma majibu ya vipimo vyake. Ilimhusu mwanamke mwingine, wa mji mwingine, mdogo kwake kwa miaka mingi.

"Lakini huyu siye mimi. Wameeleza wenyewe humu ndani."

"Humu ndani hakuna anayeingia, Mama. Watu wanatumiana picha na kichwa cha habari, basi. Kundi la akina mama linawaka moto tangu jana."

"Na gazeti la karatasi?"

"Hivyohivyo. Ukurasa wa mbele. Ila hapa pembeni wameandika, kwa herufi ndogo: picha ya maktaba."

Mshonaji alisogea, akakaza macho. "Maktaba?" alisema. "Kwani walimkamatia maktaba?"

Mshonaji alisema kwamba yeye binafsi haamini, na kwamba alikuwa akisema hivyo kwa kila aliyemuuliza tangu jana jioni. Wakati wa kutoka alisimama mlangoni, akatazama ile mikeka.

"Ila kweli walikuwa wanalala, jamani," alisema. "Mchana nzi akipita unamsikia. Mimi nilikuwa nasema ni kipaji."

*

Siku hiyo msoma mita alikuwa na mtaa wa nyumba kubwa zenye mageti. Alizifahamu zote, na mbwa wa humo pia. Kwenye geti la tatu, mwenye nyumba, mama mmoja mstaafu aliyezoea kumkaribisha maji ya kunywa, alifungua kidirisha kidogo tu.

"Usiingie, baba. Nitakusomea mwenyewe."

"Mita iko nyuma ya tangi, mama. Utachafuka."

"Nitachafuka, si neno."

Akaenda, akarudi, akamsomea tarakimu kwa sauti kubwa, hata zile nyekundu ambazo haziandikwi. Msoma mita aliandika zote. Katika kazi yake alikuwa amesoma mita nyingi, lakini hakuwahi kusomewa.

"Na wewe baba," mama alisema, kabla hajafunga kidirisha, "huwa unalala vizuri?"

"Vizuri sana, mama. Asante."

"Haya," alisema, na kidirisha kikafungwa.

Alikuwa amefika kwenye geti la tano alipong'amua kwamba alijibu vibaya. Jioni alimsimulia mkewe, kwa sababu hakuwa na desturi ya kumficha jambo.

"Ukamwambia vizuri sana?"

"Ndivyo ninavyolala."

"Bwana wee! Mke wako anashutumiwa kwa dawa ya usingizi, unaulizwa kama unalala, unasema vizuri sana?"

"Ningesema silali?"

Mama Wote alifikiri. "Hapana," alisema. "Hilo nalo lingekuwa baya. Ungesema habari za mita."

Binti aliwapakulia chakula kwenye sahani za watu wazima na akasahau kwamba sufuria alilopikia lilikuwa lile kubwa la watoto. Chakula kilibaki kingi.

"Kesho twende gazetini," Mama Wote alisema. "Wao ndio walionipiga picha. Waje waniangalie vizuri."

*

Katika ofisi za gazeti, msichana wa mapokezi aliwauliza kama wamekuja kwa tangazo au kwa malalamiko.

"Malalamiko," Mama Wote alisema.

"Matangazo ni ghorofani. Malalamiko ni hapo kwenye benchi."

Walikaa kwenye benchi, Mama Wote katikati, mume upande huu, binti upande ule. Watu wa matangazo walipita wakipanda ngazi, wakasindikizwa. Mwishowe alikuja mhariri wa tovuti. Alikuwa mwanamke kijana mwenye macho mekundu, aliyeshika simu mbili, na zote zilikuwa zikitetema. Alimtazama Mama Wote, akamtambua mara moja, kama mtu anavyomtambua aliyemzoea.

"Wewe ndiye wa kijiko," alisema, akaona aibu. "Samahani, mama. Shikamoo. Karibuni ndani."

Aliwaketisha mbele ya kompyuta yake. Hakukana kosa. Alieleza kwamba mtambo wao haukubali habari isiyo na picha, na kwamba Jumapili ile alikuwa peke yake zamuni na habari nyingi za kupandisha mtandaoni kabla gazeti halijakwenda kiwandani kuchapwa. Polisi walitoa taarifa bila picha. Basi aliandika neno moja kwenye maktaba ya picha, kama wafanyavyo wote. Aliliandika tena ili waone: mlezi. Akabonyeza.

Ilitoka picha moja.

"Hapo ndipo tatizo lilipo," alisema. "Ukiandika mlezi, unatoka wewe tu."

"Kwani nchi nzima walezi wengine hakuna?" msoma mita aliuliza.

"Wapo, baba. Hatujawahi kuwapiga picha."

Binti aliomba kushika kipanya. Chini ya picha palikuwa na orodha ya habari zote zilizowahi kuitumia. Alizifungua moja baada ya nyingine. Mama Wote alikuwa ametabasamu kwenye habari ya kupanda kwa bei ya maziwa. Alikuwa ametabasamu kwenye habari ya chawa katika shule za awali. Alikuwa ametabasamu, kijiko mkononi, kwenye habari ya nyumba ya kulelea watoto iliyoteketea kwa moto katika mkoa wa mbali.

"Yaani mwaka huu mmoja," binti alisema, "Mama amepandisha bei, ameambukiza chawa, na ameungua."

"Hakuna aliyelalamika," mhariri wa tovuti alisema, kwa sauti ya chini.

"Hatukujua!"

"Ndiyo. Ndiyo maana nasema hakuna aliyelalamika."

Aliiondoa picha kwenye tovuti hapohapo, mbele yao, na mahali pake akaweka picha ya pingu. Ilichukua muda mfupi sana. Mama Wote alishangaa kuona jambo lililowatoa watoto wote nyumbani mwake likifutwa kwa kidole kimoja, na lisifutike popote pengine.

Kisha alifika mhariri mkuu, mzee nadhifu mwenye miwani iliyoning'inia kifuani. Aliwapa pole kwa lugha nzuri. Aliahidi kwamba gazeti litaomba radhi kesho yake, ukurasa wa pili, chini, mkono wa kushoto.

"Kosa lilikaa ukurasa wa mbele, juu," Mama Wote alisema.

"Ni kweli, mama. Lakini masahihisho yana mahali pake. Ndiyo utaratibu."

"Kwa hiyo mmenitukana sokoni, mnakuja kuniomba radhi chooni."

Mhariri mkuu aliivaa miwani, akamtazama, akaivua. Alisema hawezi kubadili ukurasa, lakini kwa heshima yake wataweka na picha, ili kila msomaji ajue ni nani anayeombwa radhi.

"Ile ya kijiko?" Mama Wote aliuliza.

"Ile ya kijiko. Ndiyo wanayoijua."

*

Siku ya pili msoma mita alinunua magazeti mengi kuliko alivyowahi kununua maishani mwake. Nia ilikuwa kugawa, nyumba kwa nyumba, gazeti moja kwa kila mama. Aliyabeba kwapani mpaka nyumbani bila kuyafungua, kwa kuwa alitaka mkewe awe wa kwanza kuona.

Walifungua ukurasa wa pili. Chini, mkono wa kushoto, palikuwa na maneno mazuri. Gazeti lilimwomba radhi mama aliye pichani, lilimtaja kuwa mlezi mwaminifu asiye na hatia yoyote, na lilijutia usumbufu wote alioupata yeye na familia yake. Kando ya maneno hayo palikuwa na picha ya mwanamke kijana, aliyeziba nusu ya uso kwa mtandio, akishushwa kwenye gari la polisi.

Walikaa wakiitazama.

"Huyu nani?" msoma mita aliuliza.

"Ndiye yule," binti alisema. "Mwenyewe. Aliyekamatwa."

Binti alipiga simu gazetini, na maelezo yalipatikana. Jana jioni picha ya mshukiwa ilikuwa imefika hatimaye, ikahifadhiwa maktabani chini ya neno mlezi. Sasa walezi walikuwa wawili, na mtambo ulitanguliza picha mpya. Aliyepanga ukurasa alikuwa mwingine, na alitumia ile ya kwanza kutokea.

Mshonaji alivuka njia na gazeti lake mwenyewe mkononi, kwa hiyo ilionekana kwamba habari zilishafika.

"Afadhali huyu wamemsafisha," alisema. "Wewe je, shoga, lako wanalitoa lini?"

Msoma mita aliyarudisha magazeti kwapani. Hakujua ayapeleke wapi. Baada ya kuzunguka nayo chumbani aliyaweka juu ya kabati, na Mama Wote akamwambia ayageuze, yule dada asimtazame.

Alasiri ile Mama Wote alikwenda nyumbani kwa muuguzi, aeleze kwa mdomo wake. Alibisha hodi. Alimsikia mtoto akiita ndani, "Mama Wote! Mama Wote kaja!" kisha sauti ikazibwa, na redio ikaongezwa. Alisimama kidogo. Redio ilikuwa ikisoma vichwa vya habari. Akarudi kwake.

*

Siku chache baadaye mhariri mkuu alikuja nyumbani kwao mwenyewe, akiwa na mhariri wa tovuti nyuma yake. Viti vya watu wazima vilikuwa katika vyumba vya nyuma. Alikaa kwenye kiti cha mtoto, magoti yakifika kifuani, akauliza hali za wote. Alivitazama vikombe vya rangi vilivyopangwa, akasema ni vizuri.

"Nina mjukuu wa rika hili," alisema. "Mtundu kweli."

"Mungu amkuze," Mama Wote alisema.

Kisha akasema lililomleta. Wakili wa yule mwanamke aliyekamatwa alikuwa amefika mahakamani na gazeti, akasoma mbele ya hakimu kwamba mteja wake ni mlezi mwaminifu asiye na hatia yoyote. Alisisitiza kwamba gazeti kubwa kama lile lisingeandika hivyo bila kuchunguza. Hakimu alitaka kujua gazeti lina ushahidi gani.

"Sasa, mama, tunakuomba uje mahakamani useme kwamba radhi ile ilikuwa yako."

"Yangu kaichukua mwenzangu."

"Ndiyo. Tunataka kuirudisha."

Msoma mita alikohoa. Binti alitazama dari.

"Nitakuja," Mama Wote alisema. "Lakini na mimi nina langu."

"Sema tu. Tutaandika ukurasa mzima. Wa mbele, juu. Mimi mwenyewe nitaukagua."

"Sitaki kuandikwa. Maandishi yenu nimeyaona, na kila mkinisafisha nazidi kuchafuka. Mtaa huu hauna haja ya gazeti, unataka kuona. Mlete mjukuu wako. Akae hapa mchana kutwa, acheze, ale, alale. Wamwone akiingia na wamwone akitoka."

Mhariri mkuu alijua kuliko mtu yeyote katika mji ule kwamba mwanamke aliyekaa mbele yake hana kosa. Kosa lilikuwa lake, na alikuwa amelitia sahihi mara mbili. Hata hivyo aliishika miwani, akaanza kuifuta.

"Nitazungumza na mama yake," alisema.

"Zungumza naye sasa. Simu unayo."

"Saa hizi... atakuwa kazini."

"Mimi ndio watu wangu hao," Mama Wote alisema. "Walio kazini."

Mhariri mkuu aliendelea kufuta miwani ambayo ilikuwa safi.

"Kumbe hata wewe," Mama Wote alisema. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu aliyeulizia bei na kuambiwa.

"Wangu nitamleta mimi," mhariri wa tovuti alisema kutoka mlangoni. Wote waligeuka. Alikuwa amesimama muda wote, kwa kuwa hakukuwa na kiti kingine. "Wa miaka miwili. Kesho asubuhi."

"Na mahakamani?" mhariri mkuu aliuliza.

"Kwanza mtoto," Mama Wote alisema.

*

Alimleta. Alipita naye katikati ya njia, mchana kweupe, mtoto na mkoba wake mgongoni, na mapazia ya nyumba za jirani yakasogea kidogo. Cherehani ya mshonaji ilinyamaza, ikaendelea.

"Karibu, baba," Mama Wote alimwambia mtoto. "Vua viatu, uchague kikombe."

Mtoto alichagua chekundu, kisha akataka na cha bluu, akapewa. Mama yake hakuondoka. Alisema zamu yake ni ya mchana, akakaa kizingitini na simu zake mbili. Mama Wote hakumuuliza kitu. Alimlisha mtoto, akamnawisha, akamjengea mnara wa vikombe ili auangushe, na mtoto akauangusha kila ulipojengwa. Nyumba ilikuwa na mtoto mmoja tu, lakini ilikuwa na mtoto.

Jua lilipofika utosini, mtoto alilala. Hakubembelezwa. Alikuwa akivuta blanketi kama kamba, akalegea katikati ya kuvuta.

Mhariri wa tovuti aliweka simu chini. Alimtazama mwanawe. Aliangalia nje, akamtazama tena. Alisogea, akapiga magoti kwenye mkeka, akaweka kiganja mbele ya pua ya mtoto na kukishikilia hapo.

Mama Wote alikuwa akisuuza vikombe. Alimwona.

"Mwamshe," alisema.

"Hapana, mama. Alale tu. Nilikuwa namfukuzia nzi."

"Mwamshe. Hutafanya kazi leo ukiondoka na hilo moyoni."

Mhariri wa tovuti alitahayari. Aliita jina la mwanawe kwa upole. Mtoto hakutikisika. Aliita tena, akamgusa bega. Mtoto alijigeuza kama mzigo, akabaki vilevile, kinywa wazi. Uso wa mama ulibadilika. Sasa hakuita kwa upole. Alimnyanyua mzimamzima, kichwa kikaning'inia, akamtikisa.

Mtoto alifumbua macho. Aliona chumba asichokijua, akaona mama yake anamtikisa, akavuta pumzi ndefu, akalia. Alilia kwa nguvu zake zote, miguu ikirusha blanketi huku na huku, kwa uchungu wa mtu aliyekatiziwa usingizi bila sababu.

"Nisamehe, baba, nisamehe, nyamaza," mama yake alisema. Alianza kumpapasa mgongo. Mama Wote alimshika mkono.

"Mwache."

Kilio kilitoka nje, kikavuka njia. Cherehani ilinyamaza, na safari hii haikuendelea. Mlango ulifunguka mahali, kisha mwingine. Mama Wote, aliyejua njia zote za kumnyamazisha mtoto, hakutumia hata moja.

"Jamani!" mshonaji alipaza sauti kutoka kwake. "Mnamfanya nini mtoto huyo?"

"Tumemwamsha," Mama Wote alijibu, akaenda kufungua dirisha la pili.